Chaja Isiyotaka Ukuta

Siku tulipoanua matanga ya Shangazi Febronia pale Ilembo, watu walinipa pole nami nikaipokea kichwa kikiwa chini, kama inavyotakiwa. Nestori alichelewa. Alifika kwa bodaboda kutoka Katumba, tumbo limemtangulia na mvi zimejaa kichwani, akanikuta nyuma ya nyumba narekebisha waya wa taa ya turubai ambao fundi mmoja asiye na aibu alikuwa ameufunga kwa mfuko wa nailoni badala ya tepu. Hakusema pole. Alisubiri nimalize, kisha akaniuliza kama ile chaja bado ninayo. Tulicheka mpaka mama mmoja wa jumuiya akachungulia kuona ni nani hao wanaofurahi msibani. Chaja sinayo, iliibwa zamani pamoja na begi langu ndani ya treni, na aliyeiba sijui aliifanyia nini. Lakini tangu Nestori aulize, mwaka ule umekuwa ukinijia kila asubuhi ninapochemsha chai, chumba kwa chumba na sahani kwa sahani, nikaona afadhali niuandike wakati bado nakumbuka nani alisema nini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda bado iko mkoa wa Rukwa, nami nimemaliza kidato cha nne na kuletwa kwa Shangazi. Nililetwa kwa sababu gani ni habari nyingine, wala haipendezi. Shangazi alikuwa na hoteli karibu na stesheni: chumba kimoja cha matofali ya udongo, meza chache zilizofunikwa plastiki ya maua, na jiko la nje lililoezekwa kwa mabati. Mchana tulipika wali wa Mwamkulu, kijiji cha mpunga cha jirani, na samaki mgebuka wa kukaanga, jioni ugali na maharage, na siku za treni ya kutoka Kaliua tuliamka alfajiri kuchemsha supu. Wali ule sijaula tena popote. Naambiwa ni kumbukumbu zinazonidanganya, nami nawajibu kwamba wanaosema hivyo hawajawahi kufunua sufuria ya mchele mpya wa Mwamkulu uliokauka vizuri juu ya mkaa. Ila kilichowavuta wateja zaidi ya wali kilikuwa redio kaseti ya Shangazi, iliyokaa juu ya kabati na kuunganishwa na betri ya gari iliyowekwa sakafuni juu ya kibao. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta. Ulikuja jioni, ukaondoka watu wakiwa bado mezani, na dizeli isipofika haukuja kabisa. Betri ya gari ndiyo ilikuwa umeme wetu wa kweli. Ikiisha nguvu ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa mashine ya kusaga ya Ilembo, ambako injini iliyosaga mahindi ilichaji pia betri za mtaa mzima. Shangazi hakuruhusu mtu mwingine aiguse isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeiongezea maji na kukwangua ukungu mweupe kwenye vichwa vyake, tena bila kutumwa.

Ndege ilikuwa kwenye chuo cha ufundi cha parokia. Mzungu mmoja wa mradi wa visima, mkataba wake ulipokwisha, aliacha pale sanduku refu lenye ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti. Ilikuwa na mabawa ya mti mwepesi sana yaliyovikwa plastiki nyekundu, mota ya umeme puani, pangaboi ya urefu wa kiganja, na mafungu mawili ya betri, kila fungu vibetri sita vilivyobanwa pamoja ndani ya nailoni ngumu. Betri hizo hazikuwa za kutumia na kutupa. Zilichajiwa, zikaisha, zikachajiwa tena. Nestori, aliyekuwa akisoma useremala pale, alikuwa amefundishwa na mzungu kuirusha. Mwalimu Deusi, mwalimu wa umeme, alikuwa ameunguza chaja yake. Simcheki sana kwa hilo. Chaja ilitoka nchi ambayo ukuta wake una volti mia na kumi, ukuta wetu una mia mbili na ishirini, na maandishi yalikuwa madogo kama chawa. Ilitoa moshi, ikanuka, ikanyamaza. Tangu hapo ndege ilining'inizwa darini karakanani, na mimi niliyekuwa nikipeleka maandazi ya saa nne nilisimama chini yake mpaka chai ya Mwalimu inapoa.

Nilitaka kusoma umeme. Shangazi, ambaye ndiye angenilipia, alitaka nisome ushonaji. Siwezi kusema alikuwa mkorofi. Wanawake wenye cherehani aliwajua, aliwaona wanakula na kusomesha watoto. Mwanamke fundi umeme hakumjua hata mmoja, na hakutaka mtoto wa kaka yake awe wa kujaribiwa. Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo, Nestori amekaa mezani anasubiri chakula, nami nazungumza bila kupumua habari za ile ndege, kwamba haina ubaya wowote, kwamba inasubiri chaja tu, kwamba ningepewa nafasi ningeonyesha. Shangazi alitupa kokoto nje, akaniangalia.

"Kresi, mimi nimechoka kubishana na wewe," alisema. "Siku ya wazazi pale chuoni nitakuja. Nikiiona hiyo ndege yenu inaruka, kwa macho yangu, utasoma umeme. Isiporuka, utakaa kwenye cherehani, na sitaki kununiwa."

Nestori akauliza kama yeye anaweza kuwa shahidi. Shangazi akamwambia asubiri ugali wake kimya. Usiku ule sikuonyesha furaha yoyote, kwa jinsi nilivyoogopa asije akafuta maneno yake, lakini moyoni nilikuwa nimeshasoma umeme na kumaliza.

Siku hizi kijana akitaka chaja anabonyeza simu, inaletwa, isipomfaa anabonyeza tena. Sisi tulikuwa na nafasi moja. Mzee Masunga, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekula kwetu kila alipokuwa mjini, alikuwa anasafiri kwenda Dar, na chuo kilikubali kumkabidhi fedha atununulie. Akishaondoka hakuna wa kumkimbilia. Akirudi na kitu kibaya, siku ya wazazi itakuwa imefika. Kwa hiyo juma zima hoteli ya Shangazi iligeuka baraza la chaja. Ndani ya lile sanduku mzungu alikuwa ameacha kijitabu chenye picha, nacho kilitupa njia tatu. Mwalimu Deusi alipenda chaja ndogo ya kuchomeka ukutani, ile inayojaza polepole usiku kucha, kwa sababu alisema haiwezi kuunguza betri hata ukiisahau. Alikuwa ameungua mara moja, nilimwelewa. Lakini usiku kucha wa nani? Umeme wetu uliondoka kabla ya watu kulala. Fungu moja la betri lingechukua siku kadhaa za vipande vipande, na wakati unajaza mwisho, mwanzo umeshavuja kwa joto. Nestori yeye alitaka kubwa lao, chaja yenye akili inayojizima yenyewe betri ikijaa, pamoja na sanduku lake zito la kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti kumi na mbili. Aliniambia umeme wa gridi unakuja Mpanda, amesikia kwa watu wa ofisini, kwa hiyo tununue kitu cha kesho. Na mpaka huo umeme uje, akasema, sanduku tutalichomeka kule kwenye mashine ya kusaga, kuna soketi.

Nampenda Nestori tangu siku zile kwa sababu hiyo, kwamba aliweza kununua kitu cha nchi ambayo bado haijafika. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikikaa kule mashineni nasubiri betri ya Shangazi, na nilikuwa nimeiangalia sana ile taa iliyoning'inia juu ya kinu. Kila mama alipomwaga debe la mahindi, injini ilikoroma na taa ikafifia. Mahindi yakiisha, taa iliwaka kwa hasira. Nilimuuliza kama angependa kunywa uji kwa kikombe ambacho mtu anakisukuma na kukivuta. Niliwaambia mimi nataka ya tatu, ile ya kubana moja kwa moja kwenye betri ya gari. Betri ya gari haikoromi wala haiji na kuondoka kwa saa. Chaja yenyewe ilikuwa na kitasa cha kupangia dakika, cha kuzungusha kwa mkono, na mshale mdogo wa kuonyesha umeme unavyoingia, basi. Haikuwa na akili. Ukizembea ingeendelea kusukuma mpaka dakika ziishe, hata kama betri ndogo imeshashiba, kwa hiyo mtu angelazimika kukaa nayo mkono juu, na betri ikianza kupata joto ukate.

Wateja nao hawakukaa kimya. Fundi mmoja wa reli alisema betri yoyote unaijua kwa ulimi. Mama muuza dagaa alisema zake anaziuma kwa meno nguvu zinarudi. Mzee Masunga, aliyekuwa akinyonya mfupa wa mgebuka, alisema betri ni kama ng'ombe aliyetoka njaani, ukimlisha haraka anavimbiwa, kwa hiyo lazima awepo mchungaji. Alinigeukia, akaniita mwanangu kwa Kisukuma chake, akauliza, "Ng'wanawane, utakaa nayo wewe mwenyewe?" Nikamwambia nitakaa nayo. Akasema basi yeye ananunua ya huyu mtoto, maana ndiye pekee aliyesema atakaa. Mwalimu Deusi alifikiri kidogo, akakubali, na Nestori akakubali kwa shingo upande. Jioni ile Shangazi alikuwa jikoni anapepea mkaa, nikadhani hasikii neno. Baadaye, tukifunga milango, aliniuliza hiyo chaja itabana kwenye betri ya gari ipi. Nilipomwambia ni yake, aliitazama redio juu ya kabati, kisha akasema isiwe wakati wa taarifa ya habari.

Mzee Masunga tulimkaririsha maneno kama mtoto wa komunyo: inayokula kwenye betri ya gari, siyo inayokula ukutani, na iwe na dakika za kuzungusha. Alipanda treni akiyarudia. Siku za kumsubiri nilikuwa nachoma chapati hovyo na Shangazi akinisema. Alirudi amechoka, koti limejaa vumbi la behewa, akachukua mahali pake pa siku zote, akaagiza wali, akala mpaka akamaliza, na ndipo akatoa kifurushi ndani ya shuka lake. Alisimulia kwamba mwenye duka alimng'ang'ania anunue na lile sanduku zito, akamwambia bila sanduku chaja hii ataipatia umeme wapi. Mzee Masunga alimjibu kwamba kwetu ukuta mchana hauna kitu. Chaja ilikuwa ndiyo yenyewe. Nilibana vibanio vyake vya meno kwenye betri ya Shangazi, chekundu kwa chanya, cheusi kwa hasi, nikazungusha kitasa, na mshale ukaamka. Nestori alipiga makofi peke yake. Mimi niliweka kiganja juu ya fungu la betri na sikukiondoa, na lilipoanza kuwa vuguvugu kama paji la uso la mtoto mwenye homa kidogo, nikakata. Nestori aliliunganisha na ndege, aliyokuwa ameileta kutoka karakanani, na pangaboi ikazunguka ikapeperusha unga wa ngano juu ya meza zote. Shangazi alitufukuza nje, wote watatu pamoja na mzee wa watu.

Siku ya kuamkia siku ya wazazi tulizijaribu betri zote mbili mpaka zikaisha, kwa sababu mzungu alimfundisha Nestori kwamba hukaa vizuri zikiwa tupu na huchajiwa siku ileile ya kurusha. Tukaziweka kabatini hotelini. Nestori aliaga akisema kwa sauti kwamba zimeisha kabisa, hazina hata chembe, kesho asubuhi Kresi atazijaza. Mimi nilikwenda kulala kwa amani.

Sijui kama vijana wa leo wanajua tulivyokuwa tukiishi na betri za redio. Mkulima wa Mwamkulu alikuwa hatupi betri mpaka ameianika. Zikichoka, unazitoa, unazipanga juu ya bati juani toka asubuhi, na jioni redio inasema tena, kwa sauti ya kukoroma lakini inasema. Ukipita mtaani kiangazi uliziona juu ya mapaa ya majiko na mabafu, nyumba baada ya nyumba. Kwa betri zile za kutupa joto lilisaidia kidogo. Betri za kuchaji joto linaziua. Jambo hilo nililijua mimi, Nestori na Mwalimu Deusi, na hatukuona haja ya kumwambia mtu mwingine.

Nilirudi kutoka kuteka maji, jua limeshakuwa kali, nikafungua kabati nikakuta tupu. Nilimuuliza Shangazi. Alifuta mikono, akatabasamu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo asubuhi, akanyoosha kidole kwenye paa la jiko.

"Nimewaanikia," alisema. "Tangu jua linachomoza. Nilimsikia Nestori jana, kwamba hazina kitu."

Nilipanda kigoda. Zilikuwa juu ya mabati katikati ya betri za redio, na chini ya mabati moto wa supu ulikuwa unawaka. Fungu moja nailoni yake ilikuwa imejikunja na kitu cheupe kimetoka pembeni. La pili lilikuwa limepata kivuli cha ungo wa dagaa. Lilinichoma vidole lakini lilikuwa zima. Nilitaka kupiga kelele. Nilishuka na hasira yangu yote mdomoni, nikamkuta bado amesimama pale pale, kiganja juu ya macho, ananisubiri nimwambie kama zimepona. Ndipo likaniingia. Huyu alihitaji kukaa tu bila kufanya lolote, na angeshinda. Badala yake aliamka kabla yangu, akapanda juu ya kigoda na magoti yake yale mabovu, akaniwekea betri zangu juani. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Nikamwambia asante, zitafaa.

Nilikimbia na fungu lile moja nikalifunga kwa kitambaa kibichi, nikaliegemeza kwenye mtungi wa maji mpaka likapoa kabisa, na muda ukawa umekwenda. Nestori alikuja kuchukua betri, akaona lile lililoharibika, akakaa chini kwenye kizingiti. Aliniuliza ni nani. Nikamwambia ni jua. Nilibana chaja, nikazungusha kitasa, na mkono wangu ukaanza kuhisi joto mapema mno, dakika zikiwa hazijafika nusu. Nestori akaniomba niache iendelee kidogo, kidogo tu, vinginevyo haitafika popote. Nilitamani kumsikiliza. Cherehani ilikuwa mbele yangu naiona, na kila mzunguko wa kitasa ungenisogeza mbali nayo, lakini nilikuwa nimemwahidi Mzee Masunga kwamba nitakaa nayo, na kukaa nayo kulikuwa na maana ya kujua lini itoshe. Nikakata. Nilimwambia aipandishe haraka, asiizungushe sana, na mota ikifa aiteremshe kwa upepo.

Uwanja wa chuo ulikuwa umejaa. Shangazi alikuwa bado hotelini, treni ilikuwa imeleta watu wenye njaa, alituma neno kwamba anamalizia kugawa chakula. Mwalimu Deusi alichelewesha kadiri alivyoweza, akatangaza kwaya mara mbili, mpaka mkuu wa chuo akamwambia kama kuna ndege na iruke, jua linaumiza wageni. Nilimwangalia Nestori, naye akaangalia barabara ya stesheni, akatikisa kichwa. Nilishika ndege chini ya mabawa, mota ikalia, nikakimbia dhidi ya upepo kama alivyonifundisha, nikairusha. Ilizama kidogo, watoto wakasema aah, halafu ikajiinua. Ilipita juu ya karakana, ikapita juu ya mnara wa kengele, nyekundu kwenye anga lile jeupe la kiangazi, ikageuka na kurudi juu yetu ikinguruma. Kisha mota ikafa, kimya kikawa kikubwa, na Nestori akaileta chini taratibu, upepo ukimnyang'anya, mpaka ikapotelea kwenye shamba la mihogo nyuma ya goli. Watoto wote wakaikimbilia.

Shangazi alifika wakati huo, anahema, khanga imelegea, harufu ya supu bado iko naye. Aliona ndege imebebwa na watoto, bawa moja limevunjika.

"Imeruka?" aliuliza.

Nestori alifungua mdomo, nami nikamtangulia. Nilimwambia imeruka vizuri sana, lakini imeshatua, na yeye hakuiona. Sikutaka kuingia darasani kwa mlango wa nyuma. Shangazi alilitazama lile bawa, akamtazama Nestori, akatazama watu ambao walikuwa bado wanaonyeshana angani kwa vidole.

"Nilikuwa nimefika pale kwenye reli," alisema. "Nikaona uwanja mzima, wake kwa waume, wameinua vichwa. Hata Paroko. Hata yule mwenye mashine ya kusaga, ambaye tangu nimjue anaangalia chini tu. Hayo nimeyaona kwa macho yangu." Akafunga khanga yake upya. "Jumatatu uende ukajiandikishe."

Nilianza kulia mbele ya wazazi wa watu, na Shangazi akanivuta akanifuta uso kwa ncha ya khanga, kwa nguvu, jinsi alivyofuta meza, huku akimuuliza Mwalimu Deusi kama huko kwenye umeme kuna wasichana wengine. Mwalimu akajibu kwamba hakuna, hajawahi kupata.

"Basi ataanza huyu," Shangazi alisema.